Kishikio Namba Ishirini na Saba

Friedrichshafen,
Ujerumani.
5 Oktoba 1997

Mpendwa kaka Fidel,

Pokea salamu kutoka kandoni mwa ziwa letu. Macho yanaendeleaje? Daktari wa huko Brazili amekubali kukufanyia upasuaji, au bado anakupiga tarehe? Na shemeji Zulmira, miguu imepungua kuvimba? Mimi ni mzima kwa kadiri mzee wa miaka themanini na minne anavyoweza kuwa mzima. Magoti yanalia na meno si yangu, lakini bia bado inashuka.

Najua ni Leonor anayekusomea barua zangu. Leonor mwanangu, leo nakuomba usome yote bila kuruka, hata utakapofika mahali pa kumwonea aibu baba yako mdogo.

Mwaka huu matofaa yamezaa mno, matawi tumeyaegemeza kwa miti yasivunjike. Nyumba ya mama imepakwa rangi ya njano na hao walioinunua. Haipendezi, ila paa sasa halivuji.

Habari kubwa ni kwamba meli ya anga, lile puto refu la gesi linalobeba watu, imeruka tena hapa kwetu. Wewe uliondoka mji mzima ukila na kuvaa kwa kazi ya meli hizo, hukuona zilivyokwisha. Ulikuja ule moto ulioteketeza meli yetu kule Amerika mwaka wa thelathini na saba, halafu vita, na zilizobaki zikavunjwa ili madini yake yatengenezewe ndege za kivita. Tulidhani ndiyo basi. Sasa vijana wameunda nyingine. Urefu wake haufiki theluthi ya zile zetu, na gesi yake haishiki moto.

Sisi wazee wa kamba, tuliokuwa tukizivuta zile meli chini zilipotua, tulikwenda kuitazama ikitua. Tumebaki wanne, wale tunaokaa meza moja kila Alhamisi kwenye baa iliyo karibu na kanisa. Eugen Rist alikuja na fimbo yake. Meli ikapokewa na watu wachache tu na gari lenye mlingoti wa kuifungia. Eugen akawahesabu kwa kidole.

"Watatu, wanne. Sisi tulikuwa mia mbili na bado ikatushinda."

"Hapo hata Fidel Mikono ya Siagi angepata kazi," akasema Alban, yule aliyekuwa fundi wa mitambo. "Aachie asiachie, haidhuru."

Wakacheka. Jina hilo la kejeli limekaa mezani petu zaidi ya miaka hamsini, kaka, nami nimekuwa nikicheka nao kila mara. Siku hiyo sikucheka.

Wewe unajua ninachotaka kusema. Leonor hajui, kwa hiyo nianze mwanzo.

Ilikuwa mwaka wa thelathini na mbili, meli inatua na upepo mbaya. Kila mtu wa kamba alikuwa na kishikio chake cha mti chenye namba, kilichofungwa kwenye kamba ya meli, na sheria ilikuwa moja: hakuna kuachia kabla ya filimbi, kwa sababu mmoja akiachia, uzito wake unawaangukia wenzake. Namba yako ilikuwa ishirini na saba, pakavu. Yangu ilikuwa thelathini na moja, kwenye tope, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vya kuendea dansi. Nikakubembeleza tubadilishane. Ukanicheka. "Haya, bibi harusi, simama pakavu."

Upepo ukainyanyua pua ya meli. Mabaharia wake wakamwaga juu yetu maji yaliyobebwa kuipa meli uzito, hata mtu hakumwona jirani yake. Niliposikia visigino vyangu vinaondoka chini, nikaachia. Filimbi haikuwa imelia. Niliogopa tu, sina sababu nyingine. Wengine wakaachia baada yangu, ila Eugen alishikilia kama alivyofundishwa. Alipaa hadi usawa wa paa la nyumba, akaanguka, nyonga ikavunjika.

Mnyapara akauliza ni nani aliyeachia kwanza. Mtu wa nyuma akasema aliona kishikio namba ishirini na saba kikining'inia bila mtu. Orodha ikafunguliwa, likasomwa jina lako. Wewe ukanitazama, ukangoja. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jioni mama alitupakulia dengu na tambi. Ulikuwa umefukuzwa kazi, na hata mbele yake hukunitaja. Ulimaliza sahani yako, ukamshukuru. Kufikia majira ya kuchipua, mjini hakuna aliyekuitikia salamu, ukapanda meli ya baharini huko Hamburg kwenda Brazili. Na barua zangu za kwanza, za kukuuliza hali ya hewa ya Brazili, zilikufikia kwa meli ileile ya anga. Sikuwa na haya.

Wakati wa vita mabomu yaliichoma ofisi yenye ile orodha ya namba. Watu walikufa siku hiyo, Fidel, nami moyoni nikashukuru kwamba karatasi imeungua. Hilo sijamwambia hata padri.

Alhamisi iliyofuata, kabla bia haijaletwa, nilisema.

"Eugen, aliyeachia si Fidel. Ni mimi. Tulibadilishana nafasi."

"Umelewa?"

"Bado sijaonja."

Akazungusha fimbo yake. "Yule aliyenibeba mgongoni siku ile alikuwa na tope hadi magotini," akasema. "Nilimjua kuwa ni Fidel. Ishirini na saba ilikuwa pakavu, nami mpumbavu sikuwahi kujiuliza." Kisha akanitazama. "Miaka sitini na mitano namtukana aliyenibeba, na aliyeniangusha namnunulia bia. Ondoka kwenye kiti hicho, Gebhard."

Nikaondoka. Hawakunifukuza baani, nakaa kwenye benchi la mlangoni, panapopita baridi, na ni haki yangu. Kiti wamekiegemeza kwenye meza. Juzi mgeni alitaka kukivuta, Eugen akailaza fimbo juu yake. "Kina mwenyewe," akamwambia. "Yuko Brazili."

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nilitaka ujue kwamba jina lako sasa ni safi kwa waliobaki, ingawa wengi walikufa wakiamini uongo wangu. Eugen amesema nikuandikie maneno yake hasa: "Njoo upesi, sisi si vijana, na mimi nataka kukuomba radhi nikiwa nimesimama."

Nisalimie shemeji Zulmira, Leonor na watoto wake. Alban anakusalimu kwa jina lako halisi. Mungu akurudishie nuru ya macho, nawe Leonor akulipe kwa kusoma hadi hapa.

Mimi nduguyo akupendaye, niliyekuwa namba ishirini na saba siku ile,

Gebhard