Difu Isiyo na Swichi

Gereji ya Tresise,
Jumapili, 9 Juni

Dada yangu Verity,

Pokea salamu zangu kutoka huku milimani, ambako theluji imeshagusa vilele na bomba la jikoni linagoma kila asubuhi. Wewe na watoto hamjambo? Kifua cha Rolf kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili. Baba anaendelea vizuri. Kidonda kimefunga, anakula, na sauti yake imerudi yote. Sweta uliyonifumia imefika. Ni nzuri, lakini sijaivaa, na ukimaliza kusoma huenda ukataka nikurudishie.

Umenishukuru kwa kumtunza Baba mpaka nikaona haya. Umeniuliza pia ilikuwaje gari lililotoka mikononi mwangu siku nne tu kabla likaporomoka vile. Swali lako ni la haki. Wewe ndiwe mkubwa wetu, nami nitakujibu.

Mwezi wa tatu Baba alikwama mara mbili kwenye njia ya mlimani ya Mgongo wa Wombati akipeleka chumvi kwa ng'ombe. Gurudumu moja la nyuma lilining'inia hewani likizunguka kama pangaboi, na mwenzake aliyekuwa ardhini hakufanya lolote. Colm Trewin alimvuta kwa trekta mara zote mbili, kisha akaisimulia baa nzima. Unamjua Baba. Aibu ikimchoma, lazima apatikane mtu mwingine wa kulia. Kesho yake akaleta pikapu gerejini, akasema anataka difu mpya, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Nilimweleza kama ninavyomweleza mteja yeyote. Kuna difu inayobana kiasi: gurudumu moja likiteleza, sehemu ya nguvu huhamia kwa mwenzake. Ni ya upole, haimshtui dereva, ila gurudumu likiwa hewani kabisa msaada wake ni mdogo. Kuna inayofungwa kwa upepo: unabonyeza swichi, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa mpaka uifungue. Halafu kuna inayojifunga yenyewe kila ukikanyaga mafuta. Haina swichi, na haikuulizi kitu. Nikamshauri achukue ya swichi, maana njia yake ina mawe chini na udongo wa mfinyanzi juu, na mahali kama hapo dereva anahitaji kuchagua mwenyewe.

Colm alikuwepo, na wanaume wengine wawili waliokuja kubadilisha matairi. Baba aliwageukia wao, si mimi. Akasema, "Hiyo ya kubana kiasi ni ya akina mama wanaopeleka watoto shule. Na swichi ya nini? Nataka chuma kinachofanya kazi bila kuambiwa. Chuma cha kuambiwa kila kitu ninacho tayari, nilikizaa mwenyewe."

Wakacheka. Alipoona wamecheka, akamtaja na mke wangu aliyeniacha: "Lorna naye aliitafuta swichi ya huyu miaka sita. Hakuiona, maskini, akaenda kwa mwenye nayo."

Colm alicheka mpaka akashika mlango. Nami nilicheka kidogo, Verity. Ndivyo tulivyozoea mezani kwake, unakumbuka, kucheka kwanza ili yaishe upesi. Kisha nikamfungia ile isiyohitaji kuambiwa.

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alipita gerejini akaniambia nimfuate baadaye na waya wa ua, akapanda peke yake na magunia ya chumvi. Kule juu njia inakata ubavu wa mlima kwa hatua kama themanini, udongo mtupu, bonde upande wa kushoto. Katikati pale mkia wa pikapu ulimponyoka. Gari lilibiringika mara mbili, likaegemea mkalitusi, na mguu wake wa kushoto ukabanwa chini ya fremu ya mlango. Watu wote wanajua kwamba nilifika saa tisa na nusu, nikaliinua gari kwa winchi, kebo ya kuvutia iliyo mbele ya gari langu, nikaita helikopta kwa redio. Daktari alisema mguu ulibanwa kwa muda wa karibu saa mbili; angetolewa katika nusu saa ya kwanza, wasingeukata.

Hayo ndiyo yanayojulikana. Kaa chini, dada, usome yaliyobaki.

Siku ile gerejini kuna neno moja sikumwambia Baba. Kwenye mteremko wa ubavuni wenye utelezi, difu iliyojifunga humgeuka dereva. Akikanyaga mafuta, magurudumu yote mawili ya nyuma huteleza kwa pamoja, hakuna linalobaki kushika ardhi, na mkia unakwenda bondeni. Kila mteja mimi humwambia hilo, hata asiponiuliza. Nilikuwa nalo mdomoni. Alipomtaja Lorna, nikalimeza. Nilijua njia anayopita. Nilijua na msimu wa mvua umefika.

Wala sikufika saa tisa na nusu. Nilitoka dakika kumi nyuma yake. Nilikuwa kwenye geti la juu, nikaliona gari likienda bondeni.

Niliposimama ukingoni, alikuwa hatua thelathini chini yangu, macho wazi, matope usoni. Akaniona. "Unashangaa nini, zoba? Leta winchi!" Nami nikamwambia, bila kupaza sauti, aseme tafadhali. Alinitukana. Akamtukana Lorna, akamtukana hata marehemu Mama. Nikarudi garini, nikajimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, nikakaa nikiitazama mvua kwenye kioo. Redio ilikuwa karibu na goti langu. Kila baada ya muda nilishuka nikasimama ukingoni, naye akanitukana tena, kila mara kwa pumzi fupi zaidi. Mara ya nne hakutukana. Alisema, "Tafadhali, Garth." Nikamwambia sijasikia. Akasema tena.

Nilikuwa nimesikia, Verity. Mara ya kwanza nilisikia vizuri kabisa.

Polisi walipokuja hospitali kumhoji, nilikuwa nimesimama upande wa kichwa cha kitanda, nikingoja aniseme. Alinitazama, halafu akawaambia mwanawe alifika upesi kadiri alivyoweza. Nilidhani amenisamehe.

Tangu arudi nyumbani, hakuna neno linalomtoka bila hilo. Tafadhali, Garth, chai. Tafadhali, Garth, nishike nikojoe. Tafadhali, mwanangu, funika kile kilichobaki. Husema mbele ya jirani yetu Noeline, mbele ya kasisi, mbele ya Colm, taratibu, akinitazama machoni. Noeline hulengwa na machozi, husema Mungu huwapinda wazee wakaidi ili walainike. Usiku hunigongea ukutani kwa fimbo. Hana haja yoyote, ni kulitamka tu.

Jumatatu iliyopita nilipiga magoti kando ya kiti chake cha magurudumu, tukiwa wawili tu, nikamwomba aache. Nikamwambia aende polisi akanishtaki, nitakwenda naye, nitamsukuma mwenyewe kwenye kiti mpaka mlangoni. Akaniuliza kama hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyoomba. Nikasema tafadhali. Akaniambia hajasikia. Nikasema tena. Akacheka, Verity, kile kicheko cha mezani, na baada ya kicheko akaniomba chai.

Sijui kama ninajutia mguu wake, au ninajutia tu kwamba amenishinda tena. Ningejua ningekuandikia. Unaweza kuipeleka barua hii popote utakapo, sitaikana.

Wasalimie watoto, umbusu Rolf kwa niaba yangu, na salamu kwa majirani wote wanaonikumbuka. Nimemuuliza Baba ana neno gani la kukuandikia. Amesema niandike chochote ninachopenda, tafadhali.

Ni mimi mdogo wako,
Garth