Maji Rangi ya Chai

Jumapili, 5 Mei 1974
Miguu inauma. Nimelizunguka bwawa mara mbili — mvua ya siku tatu, limejaa pomoni. Shemeji Clifford, mdogo wake marehemu mume wangu Herbert, kapita akitoka kanisani. Jumamosi mfereji wa boti unafunguliwa upya! Boti kumi na mbili, na bendi. Miaka kumi na moja yeye na wenzake wamezoa tope kwa koleo, kila wikiendi. Na sehemu ya juu ya mfereji haina maji mengine ila haya ya bwawa ninayoyalinda mimi.

Jumanne, 7 Mei
Chini ya tuta linalozuia bwawa, nyuma ya nyumba ya Bi Ottiwell, nyasi zimelowa. Nimechimba kwa kisigino. Maji yanachuruzika, lakini ni safi. Herbert alikuwa akisema yakiwa safi usihangaike. Sina hata nguvu ya kuhangaika.

Jumatano, 8 Mei
Yamekuwa rangi ya chai. Yaani tuta linaliwa kwa ndani.

Nimemwambia Clifford kabla ya kupiga simu ofisini. Kosa langu. Kakaa kwenye ngazi, kofia mkononi. Kasema tuta limesimama miaka mia na sabini, litashindwaje siku tatu?

"Piga simu Jumapili, Hilda. Jumapili tu, shemeji."

"Na Bi Ottiwell, na mama yake asiyeinuka kitandani?"

Kavaa kofia. Kaondoka bila kuaga. Nimepiga simu.

Alhamisi, 9 Mei
Mhandisi kaja asubuhi, kapiga magoti kwenye nyasi, kasema maji yashushwe futi kumi, leo hii. Kisha, kwa upole — afadhali angefoka — kaongeza kuwa huenda lisijazwe tena. Bwawa dogo hivi, nani atagharamia? Kaenda kuwahamisha kina Ottiwell.

Gurudumu la lango la kutolea maji limeshika kutu. Nimesukuma hadi mabega yakafa ganzi. Robo mzunguko tu.

Mara Clifford huyo, anapanda tutani. Nikajua amekuja kunizuia. Nikasimama mbele ya gurudumu. Akavua koti, akashika upande wa pili. Tumezungusha pamoja. Maji yananguruma kwenda kijitoni, si mferejini.

Sasa tunapumzika, naandika nimeegemea ukuta. Macho yake mekundu. Ameuliza imebaki mizunguko mingapi. Nimemwambia thelathini.

Anatemea viganja.