Sukari ya Mti kwa Wanawake Wawili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Hai Mauna, Juba. Alhamisi, 12 Machi 2009, saa kumi na nusu jioni.

Jina: Jedidah Kwamboka. Umri: miaka 34. Kazi: mtaalamu wa maabara, zahanati ya binafsi. Makazi: Hai Mauna. Uraia: Mkenya.

Leo saa mbili asubuhi nilimpokea Natalina, mgonjwa anayeharisha tangu Novemba na kukonda hadi pete inamtoka kidoleni. Alisindikizwa na Helen, mke mwenzake, ambaye ndiye humpikia, na Igga, kaka yake Natalina. Igga aliniambia mlangoni kwamba Helen anamlisha dada yake sumu. Helen alikuwa amesimama papo hapo, anasikia.

Nilimwandalia Natalina sukari ya mti. Ni sukari kweli, hutolewa kwenye mbao, na wengine huitumia kutia utamu kwenye vyakula. Utumbo mzima huifyonza na nyingi hutokea kwenye mkojo. Utumbo mgonjwa huiacha ipite tu. Nilikuwa na kipimo kimoja, gramu ishirini na tano, kilicholetwa kwa ndege kutoka Nairobi. Nilikikoroga kwenye glasi ya maji, nikatoka kuzima jenereta iliyokuwa ikikohoa.

Niliporudi, saa mbili na dakika kumi, Helen alikuwa anakunywa. Igga alikuwa anamwambia, "Ongeza! Ongeza tena!" Glasi ilifika nusu, ndipo akampa Natalina, naye akaimaliza.

Nilifoka. Helen akanijibu, "Daktari, kwetu anayepeana kikombe anaonja kwanza. Mimi iko mzima, ona."

Nakiri nilikasirika hadi machozi. Kisha nikamuuliza Helen kama amekula, kwa kuwa kipimo hiki hutaka tumbo tupu. Akasema hapana, hawezi kula mwenzake akilala njaa. Basi nikawapa kila mmoja chombo chake cha mkojo, nikawaambia wangoje kwa muda wa saa tano.

Walilala kwenye mkeka barazani, bega kwa bega. Joto lilikuwa kali na sauti za sokoni zilitufikia kama zinatoka chini ya maji. Mimi nilikaa mlangoni. Niliuwaza ule mti, uliokatwa sijui nchi gani ya baridi, sasa unapita polepole ndani ya wanawake wawili wa Juba. Sikumbuki kama nilisinzia. Nakumbuka Natalina aliushika mkono wa Helen usingizini, na Helen hakuutoa. Nilitamani saa zisimame. Najua haya si ya polisi, lakini afisa ameniambia niseme yote niliyoyaona.

Saa saba na dakika kumi nilipima mkojo wao. Nilitia dawa, nikapasha moto, nikaweka tyubu gizani zaidi ya saa moja. Dawa hiyo hugeuka waridi ikikutana na sukari ile. Tyubu ya Helen iliiva waridi kabisa. Ya Natalina ilibaki karibu maji matupu.

Saa tisa Igga aliingia bila kubisha. Akauliza ile nyekundu ni ya nani. Nikasema ya Helen. Akapiga kelele, "Sumu hiyo! Iko ndani ya yeye!" Nilipaswa kumweleza pale pale. Nilinyamaza, kwa sababu niliona haya kusema kwamba kipimo changu kilinywewa na watu wawili. Katika kunyamaza kwangu alimpiga Helen kofi, akamburuta hadi hapa na tyubu mkononi.

Tyubu iliyo mezani kwenu haina sumu. Inaonyesha utumbo mzima. Wamekunywa glasi moja, sawa kwa sawa; mmoja sukari imemwingia, mwingine imempita. Natalina ni mgonjwa wa utumbo na anahitaji daktari bingwa. Kipimo hakikufuata utaratibu, na kosa hilo ni langu. Mwajiri wangu akinifukuza, na anifukuze.

Huko nje watu wanataka Helen afungwe. Mkimfunga, niambieni nani atampikia Natalina uji leo.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: J. Kwamboka

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Sajini Lako, kwa Kiswahili, lugha niliyokulia nayo uhamishoni Uganda. Helen ameachiwa saa kumi na moja na robo. Nimemuuliza kama anataka kumshtaki Igga kwa lile kofi. Amesema hana nafasi, mgonjwa amebaki peke yake.