Muongo wa Sahani Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nobert wa halmashauri ya mji alikuja asubuhi na pikipiki yake. Alikataa chai, kisha akanywa vikombe vitatu.

Ukumbi mpya wa Bwera unakaribia kwisha. Wanataka kuandika ukutani majina ya miongo, kwa sababu hapa kwetu hakuna anayehesabu kwa kalenda. Ukimwuliza mama mwanawe alizaliwa lini, anakutajia nani alikuwa akitawala. Miaka ya themanini imeshapata jina: Miaka ya Filimbi, kwa ajili ya yule mkuu wa gombolola, tarafa yetu hii, aliyetuamsha alfajiri kwa filimbi twende kulima barabara. Ya elfu mbili ni Miaka ya Kesho. Hiyo ni ya Zedekia, aliyeninyang'anya kiti cha mwenyekiti wa gombolola kwa kura, akawa anajibu kila ombi kwa neno hilo moja. Nobert anasema mzee Zedekia alicheka mwenyewe, akakubali.

Ya tisini ni yangu. Wamependekeza: Muongo wa Kosiya. Eti vita vilikuwa mlimani, watu wanakimbia, na bado katika gombolola yetu hakuna jirani aliyechoma nyumba ya jirani.

"Mzee, ni wewe ulifanya. Watu wote nasema hivyo. Wewe sema ndiyo tu. Jumatatu ijayo mtu wa rangi naanza."

Nikasema nitafikiri. Alinitazama kana kwamba nimekataa kupokea zawadi.

Sikumweleza. Daktari kule Kisinga aliniambia kwa upole kwamba moyo umechoka, nikae karibu na watu wangu. Basi sina muda wa kusahihisha ukuta baadaye.

Jumanne, 5 Agosti

Miguu imevimba. Alisi, mke wangu, ameiinua juu ya gunia la kahawa, akanifunika, akaenda shambani.

Niandike mambo yalivyokuwa. Naandika Kiswahili, lugha niliyojifunza nikiwa karani mgodini. Alisi anaisikia sokoni lakini haisomi, haoni sababu.

Nilipokuwa mwenyekiti, watu walileta kesi nyumbani. Mipaka ya mashamba, mbuzi, uchawi, mabinti. Mimi nilikuwa sebuleni, nimevaa tai, vitabu vya sheria mezani. Lakini njia ya sebuleni ilipita jikoni. Alisi alikuwa akiwashika wote wawili, mshtaki na mshtakiwa: mmetembea, kaeni kwanza. Anaweka sahani moja. Bundu, ugali wetu wa muhogo, katikati; sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu pembeni. Anaonja yeye kwanza, wote waone hakuna sumu. Halafu anaisukuma katikati yao.

Hapo ndipo palikuwa na akili yake. Kwetu mtu hali na adui. Anaogopa sumu. Ukikataa sahani ya Alisi mbele ya watu, umesema jirani yako ni muuaji, na hilo si neno la kutamka bila ushahidi. Basi wanakula. Mikono inagongana kwenye sombe. Wakifika kwa samaki, Alisi anauliza swali moja tu: "Nani aanze?"

Wakija sebuleni kwangu, kesi imekwisha. Mimi nilipiga muhuri.

Cheti cha amani nilichopewa na wilaya kiko ukutani hapa, kina jina langu. Nimekitazama mchana kutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya soko. Anastasie alipita kunisalimia. Ni mfanyabiashara wa Butembo, upande wa Kongo, analeta mawese mpakani tangu ujana wake.

"Papa Kosiya, umekondaka hivi? Mama Alisi, unamunyima chakula?"

Nikamwuliza kama anakumbuka kesi yake ya mbuzi.

"Nisahau namna gani? Ule Ephraïm alisema mbuzi ni yake. Mama Alisi akatutia ku sahani moja. Nilikuwa na kasirani, lakini nilikuwa na njaa kupita kasirani. Tulifika ku samaki, Ephraïm akaangalia chini, akasema, basi, mbuzi iko ya Anastasie."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Weye? Ulikuwa ku salo na kravati yako. Ulituandikia karatasi. Ilikuwa karatasi muzuri sana."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Alisi hakucheka. Alisema mawese ya safari hii yana maji.

Anastasie alipokwenda nikamwambia Alisi ninachotaka. Ukutani pasiandikwe jina langu. Paandikwe Muongo wa Sahani Moja.

Aliweka kikapu chini taratibu.

"Baba Baluku, jina hilo nililibeba sokoni miaka mingi. Sasa unataka watoto walisome kila wakienda kwenye mkutano?"

Akaingia ndani. Ana haki. Jina lile halikuanza kama sifa. Zedekia ndiye aliyelitunga, kwenye kampeni, amesimama juu ya gari: nchi yenu inatawaliwa na sahani moja, mwenyekiti anashibisha kesi, mke ndiye hakimu! Watu walilipenda. Wanawake sokoni wakaanza kumwita Alisi Mama Sahani. Wengine walimuuliza leo anahukumu na mboga gani.

Jumamosi, 9 Agosti

Pumzi fupi. Sikuandika asubuhi.

Kuna jambo nimelizunguka. Ni hili.

Siku ya mwisho ya kampeni, Zedekia alinirushia jina lile mbele ya umati, kwenye uwanja wa Kinyamaseke. Ningeweza kusema: ndiyo, mke wangu ana akili, mpigieni makofi. Nilisema: mwanamke akipika ni mambo ya mwanamke, mimi kama mwenyekiti sihusiki na vyungu. Umati ukacheka. Alisi alikuwa amesimama na wanawake wa kanisa, amevaa gomesi ya kijani. Sikumwangalia, lakini nilijua alipo.

Nikashindwa hata hivyo. Na tangu siku ile jiko lile halikupika tena kwa mtu mwenye kesi. Mwaka uliofuata watu wa bondeni walikatana mapanga kwa ajili ya mfereji. Alisi alisikia habari akiwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta.

Hatujawahi kulizungumza. Na katika miaka yote ile ya sahani, mimi sikula kwenye sahani ile hata mara moja. Mwenyekiti alipelekewa chakula chake sebuleni, chini ya kitambaa.

Jumapili, 10 Agosti

Nobert alipita baada ya misa. Anahangaika, maskini. Nilikuwa nimemtuma kwa Zedekia kuomba kibali cha jina, kwa kuwa ndiye mtunzi. Amerudi na jibu: mzee anakataa kabisa. Anasema lile lilikuwa tusi la kutafuta kura, anaona haya afe huku tusi lake limebaki ukutani. Yeye anaunga mkono Muongo wa Kosiya. Atakuja mwenyewe kunieleza.

"Atakuja lini?"

Nobert alikuna kichwa. "Amesema kesho, mzee."

Hata Alisi, mlangoni, aligeuza uso kuficha cheko.

Basi jina analikataa aliyelitunga, na analikataa aliyelibeba. Anayelitaka ni mimi peke yangu, niliyelikana.

Jumatatu, 11 Agosti

Zedekia amekuja. Kwa bodaboda, na fimbo, na kofia ile ile ya kampeni, imepauka. Nobert nyuma yake. Mtu wa rangi amekwisha kuchanganya rangi, anapiga simu.

"Umeona," Zedekia alisema akikaa. "Nilisema kesho, na nimefika."

"Umeanza kuwa mtu mwema uzeeni."

"Kosiya, lile jina liache life. Nilikuwa kijana, nikitaka kiti."

Nikamwambia alitunga vizuri kuliko alivyojua. Kwamba katika majina yote ya muongo ule, ni lile peke yake lenye mkono wa Alisi ndani. Langu likiandikwa, watoto wataamini amani ilitoka sebuleni. Nilisema kwa sauti, pumzi ikikatika, ili Alisi anisikie jikoni.

Zedekia alivua kofia. Akaita kuelekea jikoni: "Mama Baluku, mimi nilikutukana. Nimelisema leo, Nobert ni shahidi."

Kutoka jikoni kikasikika kifuniko cha chungu. Kisha harufu. Sombe, na samaki mkavu. Harufu ambayo nyumba hii ilikuwa imeisahau saa za asubuhi.

Naandika haraka sasa, hapa hapa kitini.

Alisi ametoka na sahani. Moja. Zedekia alianza kukunja mkono wa shati, nami nikafurahi moyoni: anamsamehe, atamketisha, jina litaandikwa. Lakini amempa Zedekia kikombe cha chai na kumwonyesha benchi la nje.

"Wewe kesi yako ni ndogo, umeshaisema. Kaa na Nobert. Mwambieni mtu wa rangi asubiri."

Wametoka. Zedekia ameniangalia kwa huruma.

Alisi amevuta kigoda mpaka mbele yangu. Ameweka sahani juu ya gunia la kahawa, kando ya miguu yangu. Amenimwagia maji mkono mmoja, ule wa kulia, maana naandika kwa kushoto, akangoja. Ameonja. Ameisukuma katikati. Si karibu na mimi, si karibu na yeye. Haondoki. Amekaa, ameosha mkono wake pia.

Ananitazama, kama alivyokuwa akiwatazama wale wengine.

"Baba Baluku," amesema. "Nani aanze?"