Picha ya Chumvi ya Figo Zangu

Baba,

Mwangaluka. Huku niliko masomoni kumekucha bila jogoo, theluji inashuka taratibu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisukuma chetu nikikiandika nalia upesi.

Tangu utuache nimepata kazi ambayo ungeicheka. Tuna mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, sumaku nzito kuliko tela la pamba. Zile za kawaida hospitalini husikiliza maji. Hii yetu husikiliza chumvi iliyomo kwenye figo na ini. Sauti ya chumvi ni hafifu, ndiyo maana sumaku ikawa kubwa hivyo. Kando ya mtu tunalaza chupa za maji ya chumvi tuliyokwisha kuipima, ili tulinganishe mng'ao wake na wa figo.

Kukoroga chupa hizo ni kazi yangu. Siku ya kwanza nilisahau kubandika lebo. Nikafanya kama wewe ulivyouonja udongo wa chumvi kabla ng'ombe hawajaulamba: nikachovya kidole, nikaonja, nikazipanga. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole, alipiga yowe. Tulizimwaga zote! Lakini naapa nilikuwa nimezipanga sawa.

Halafu wakaniomba nilale mimi mwenyewe ndani. Nilikataa mara mbili. Niliogopa figo zangu zisije zikawa kama zako.

Juzi nikalala. Mashine ikagonga, ikagonga, nikaelea kama usingizini, nikaiona mbuga ya Mhunze. Ulikuwa umesimama kwenye vumbi jeupe, miguu haijavimba, unaniambia mwanao lile neno lako, "Polepole, ng'wanone." Picha ikatoka: figo mbili, zinang'aa zaidi katikati, maana ndivyo figo yenye afya inavyokusanya chumvi. Msimamizi alisema hiki si cheti cha daktari, ila hakuona la kutisha. Nililia mbele yake bila aibu.

Zako zilishindwa, Baba. Chumvi ilibaki mwilini ikavuta maji. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kukunyima chumvi, na bado inaniuma. Nilikupikia chungu chako peke yako, nikakutengea sahani yako peke yako. Wewe uliyekula maisha yako yote na wanaume wenzako pale shikome, mnazunguka moto, sinia moja, ukawa unatafuna kando ya ukuta ukitazama mikono yao. Ulisema tu, "Ugali wa mtu mmoja haushibishi." Nami nikadhani unalalamikia ladha.

Sasa kaka Masanja ameanza kuvimba miguu. Anasema ni uchovu wa machimboni, huko Bulyanhulu. Unamjua alivyo mbishi. Nakuja mwezi ujao, nitamkokota hospitali akapimwe, atake asitake.

Pumzika, Baba. Wakisema naye aache chumvi, hatakula peke yake. Nyumba nzima tutakula chakula chake.

Binti yako