Ndengu Katika Anga la Naftaly Kiunga

Fimbo zimeanza tena, Baba. Kungali na giza na hatujaona mtu wala shamba, lakini tunazisikia kutoka kwa Mama Wambeti: pu, pu, pu, kisha kimya kidogo cha kugeuza maganda, kisha pu tena. Ndivyo ulivyokuwa unaamka majira haya ya kupura ndengu. Ulikuwa unasema, “Ruguru, wameanza,” na kabla Mama hajajibu ulikuwa umeshavaa viatu na unatafuta kofia ambayo iko kichwani.

Leo mwaka umetimia tangu unywe chai yako ya saa nne, useme unaenda kujinyoosha kidogo, na usiamke.

Tunakuandikia tukiwa na wasiwasi, na hatuoni kwa nini tukufiche. Ijumaa gari linakuja Ishiara kuchukua picha zako kwa maonyesho ya Embu mjini. Ndiyo, Baba, Embu. Uliyaomba miaka yote ukiwa hai, ukaambiwa watu wa huku hawatoki kwenda kutazama picha. Sasa ukumbi umepatikana. Picha zote ziko tayari isipokuwa ile ya mwisho, na hatujui kama itatundikwa au itarudishwa nyumbani. Mama hali vizuri. Shangazi Joyline, dada yako, halali kabisa. Sababu tutaieleza hapa mbele ya wote, kwa kuwa wengi wameshaisikia ikiwa imepindwa.

Kwanza tuwakumbushe watu ulikuwa nani. Ulizaliwa Kianjai, kwenye baridi na miraa, ukaoa Ishiara, kwenye joto na ndengu. Katikati uliishi mtaa wa Majimbo, ukiandika mabango ya bucha na saluni asubuhi na kuchora mambo yako jioni. Ng'ombe wa bucha moja ulimpa macho ya huzuni hata mwenye bucha akaja mlangoni kulalamika: “Fundi, wateja wananihurumia ng'ombe badala ya kununua nyama.” Ulimbadilishia macho, ingawa ulinuna siku nzima.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa rangi. Waliofiwa bila kubaki na picha ya marehemu walikujia, na uliwachorea kwa kusimuliwa tu. “Pua yake?” “Kama ya huyu mtoto.” “Akicheka?” “Alikuwa anafunika mdomo.” Ziko nyumba nyingi, kuanzia Siakago mpaka Tigania, ambapo bibi au babu anatazama kutoka ukutani akiwa amefunika mdomo kwa mkono, na mkono huo ni kazi yako.

Maonyesho yalikutesa. Sisi tunaoringa kwa jina lako tulidhani huko Nairobi ulikuwa unatembea kama chifu. Mama ndiye aliyejua. Ulikuwa unajificha nyuma ya jengo na kumpigia simu. “Ruguru, watu hawajaja.”

“Baba Muthomi, saa ngapi huko?”

“Saa nane.”

“Na kadi inasema?”

“Saa kumi.”

“Basi kula kitu.”

Hukula. Ulisimama karibu na mlango na lile koti la kijani linalonuka tapentaini, na mtu akikuuliza mchoraji yuko wapi, ulimwonyesha mtu mwingine. Wasiwasi tulio nao wiki hii tumeurithi kwako, Baba. Tunautambua.

Lakini nje, shambani, hukumwogopa yeyote. Watu wa Kianjai bado wanacheka ile siku ya Mzee Thuranira. Ulisimamisha ile miguu mitatu ya kushikilia picha kando ya shamba lake, ukafumba jicho moja, ukanyoosha penseli mbele kupima mti. Mzee akaja mbio na panga, majirani nyuma yake.

“Wewe mpimaji! Nani amekutuma kukata shamba langu? Barabara inapita wapi?”

Hukukimbia. Ulimgeuzia picha. Aliitazama panga likiwa bado juu, kisha akasema, “Huu mti wangu uko na tawi upande huu. Umeliiba.”

Ulilirudisha tawi, akakuletea chai. Kuanzia hapo ikawa sheria yako: hakuna picha uliyoandika jina lako kabla ya kuirudisha pale ulipoichorea na kumuuliza mwenye shamba, “Nimeacha nini?” Wenye elimu ya sanaa walikucheka. Uliwaambia picha isiyotambuliwa na mwenye mahali haijaisha, hata iwekewe taa za namna gani. Nami Muthomi naongeza, Baba, kwa hasira ambayo wewe hukuwa nayo: waliocheka hawajawahi kufukuzwa na panga wakasimama.

Sasa tuje kwa picha yenyewe.

Ni ile kubwa ya Mama Wambeti, jirani yetu, akipura ndengu, kilima cha Kiang'ombe nyuma yake na anga pana juu. Uliichora kwenye kitambaa cha turubai la lori, kama kawaida yako, kwa sababu ulisema kinavumilia kama watu wa huku. Ulimpelekea kabla rangi haijakauka, wiki ileile ya mwisho. Ulimuuliza swali lako. Akashika kiuno.

“Baba Muthomi, fimbo naiona. Vumbi naliona. Ndengu ziko wapi? Umenichora nikipura hewa!”

Ulirudi nyumbani ukicheka peke yako njiani. Uliitundika picha stoo, uso ukitazama ukuta ili vumbi lisishike rangi, ukasema utatia ndengu kesho. Kesho yake ndiyo ile chai ya saa nne.

Siku ya kukuzika, ndengu zetu zilikuwa zimeanikwa uwanjani. Februari, nani anategemea mvua Ishiara? Lakini wingu lilishuka kutoka upande wa Embu, jeusi, na watu walikuwa wameshaanza kuelekea kaburini. Shangazi Joyline akakimbilia stoo. Aliona mgongo wa turubai ukining'inia, akalivuta, akalitandaza juu ya ndengu, akaweka mawe kwenye pembe, akatufuata akikimbia ili asikose kumtupia kaka yake udongo. Turubai ni turubai. Nani kati yetu angefanya tofauti? Mvua ilinyesha kwa fujo na kupita. Ndengu hazikulowa, na ndizo walizopikiwa watu waliobaki kumtuliza Mama.

Tulipolifunua turubai, tulikuta picha yako chini yake. Rangi ilikuwa bado laini, na punje zilikuwa zimezama ndani yake, hasa upande wa juu. Shangazi aliketi chini palepale. Hakupiga kelele. Alikaa tu akijaribu kubandua punje moja kwa ukucha, akaona bluu ya anga inatoka nayo, akaacha. Alipoondoka siku hiyo hakuvuka lango letu tena. Akikutana na Mama sokoni anageukia vitunguu kama anavichagua.

Bwana Nyamu, aliyekuwa akikuuzia picha zako miaka mingi, anayeandaa maonyesho haya na ambaye tunamheshimu, alikuja mwezi uliopita. Aliinama mbele ya picha mpaka miwani ikakaribia kugusa.

“Muthomi, hii ndiyo kazi yake bora,” aliniambia. “Lakini siwezi kuileta ukumbini hivi. Mwaka ujao wadudu watatoka kwenye hizi punje na kutembea ukutani. Kuna mtu anayejua kusafisha. Azitoe, apake juu, na wewe uandike jina lake. Mwandiko wenu si mmoja?”

“Mwandiko ni mmoja,” nikamwambia. “Mikono ni miwili.”

“Kijana, punguza moto. Nataka baba yako aonekane.”

“Ataonekana bila mimi kumuibia jina.”

Mama alinivuta shati. Alijua, na mimi nilijua, kwamba Bwana Nyamu hakuwa amesema ubaya wowote. Wadudu wapo kweli. Punje tatu zimeshatobolewa. Na yule fundi wa kusafisha, alipopigiwa simu, alisema wazi kwamba kila punje itatoka na rangi iliyo chini yake. Tukizitoa tunavua anga lako. Tukiziacha huenda picha isitundikwe kabisa, na yale maonyesho uliyoyataka nyumbani yafunguliwe bila ile kazi iliyochorwa nyumbani.

Tulibishana siku nyingi. Dada yangu Kathambi ndiye aliyetukata maneno. “Mnauliza watu wa Nairobi,” alisema. “Baba angemuuliza nani?”

Basi Jumapili baada ya ibada tuliibeba picha kwenda kwa Mama Wambeti. Kathambi alipitia kwa Shangazi Joyline na kumwambia anahitajiwa kushika pembe moja, kwa kuwa upepo ni mwingi. Alikuja, macho chini. Tulisimama pale uwanjani, picha kando ya maganda yenyewe, Kiang'ombe kando ya Kiang'ombe, na nikauliza swali lako.

“Mama Wambeti, Baba ameacha nini?”

Alikaribia. Akarudi nyuma. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Nilisikia Shangazi akipumua.

“Ndengu zimekuja,” akasema Mama Wambeti polepole. “Lakini Joyline! Umezitupa mbinguni! Mimi niko hapa chini navunja mgongo, ndengu ziko juu ya kilima!”

Hatukujua kama tumehukumiwa. Kisha Shangazi, ambaye hatukuwa tumemsikia akicheka tangu uzikwe, akasema, “Si wewe ulipiga fimbo kwa nguvu? Zingekaa chini namna gani?”

“Haya, ni kweli nina nguvu,” akajibu Mama Wambeti, na wakashikana mikono wakicheka hadi pembe ya picha ikaanguka kwenye maganda na nikapiga ukelele kama mtoto.

Baadaye, akifuta macho kwa leso, Mama Wambeti alisema neno ambalo tumeliandika hapa jinsi alivyolisema: “Mkiitoa hata moja, mimi nimerudi kupura hewa.”

Nilimpigia Bwana Nyamu jioni ileile. Nilijitahidi kupunguza moto, Baba, ungefurahi. Yeye alisema ataitazama ikifika Embu, na akiona haiwezekani, itarudi na gari lilelile. Hakuahidi. Kwa hiyo Ijumaa tunaipeleka jinsi ilivyo, na ndengu zake, bila jina.

Ulizoea kuniambia mashairi yangu yana kelele, niyapunguzie sauti. Hili nimelipunguza kadiri nilivyoweza:

Fimbo zinapiga tena, uwanja umeamka,
Na vumbi tunaliona, jua nalo linawaka,
Jina lako twalinena, rangi haijafutika,
Hatutaki kushindana, ila hatutaondoka.

Unakumbukwa na mkeo Ruguru, ambaye bado anaweka vikombe viwili saa nne. Watoto wako Muthomi na Kathambi. Dada yako Joyline. Ndugu na jamaa wote wa Kianjai, Ishiara na Majimbo. Na Mama Wambeti, ambaye si ndugu kwa damu lakini hatakubali kuachwa nje ya orodha hii. Miaka ipite inavyotaka, Baba, wewe hutatutoka.

Tumeacha kuandika kidogo ili tuje kaburini kwako, na sasa ninamalizia nikiwa nimekaa kwenye jiwe lililo kando yake. Kumekucha. Shangazi Joyline amevuka lango letu leo, wa kwanza kufika, na maua ya bustanini kwake yamefungwa kwa kamba ya gunia. Ameyaweka, kisha ameniuliza bila kunitazama, “Muthomi, huko Embu wakiuliza ni nani aliyeharibu picha ya kaka yangu, utawaambia nini?”

Mama amesimama hapa. Kathambi pia. Hata fimbo za kwa Mama Wambeti zimetulia kidogo. Nimemjibu kwa sauti, nawe umesikia:

“Anti, gari likija nitapanda nyuma pamoja nayo. Wakiitundika, nitasimama kando yake mpaka mtu wa mwisho atoke. Wakiikataa, nitairudisha mwenyewe, mgongoni ikibidi. Na atakayeuliza ni nani aliyetia ndengu pale, nitamwambia ni dada yake Naftaly Kiunga, na kwamba mvua ilikuwa inakuja.”