Moto moja, wamama wawili

Siku ya kwanza, 7/3/2016

Anaclet alichelewa tena. Siye wawili tumesimama barabarani, mimi na Suzanne, vumbi inatuingia mu macho, na motard wetu, mwenye pikipiki, bado analala. Alipofika akasema pneu, tairi ya nyuma, ilipasuka. Kila siku ya kwanza ya juma pneu inapasuka. Basi hiyo pneu inajua kalenda kupita mwalimu.

Namuvumilia juu njo yeye tu anakubali kutubeba wawili na tunamulipa bei ya mutu moja na kidogo juu. Suzanne anakaa katikati sababu ni mufupi, mimi nyuma, magoti inje kama mbuzi wa kupeleka soko. Toka kwetu Mudzi-Pela mpaka kazini, kule karibu na uwanja wa ndege, ni mbali. Kama kila mutu angepanda moto yake, pikipiki nzima, kazi yangu yote ya kufua mashuka ya wageni ingeishia mu mafuta ya motard. Tukigawanya, kitu ya unga inabakia. Nyama hapana. Unga.

Baba Annie, bwana yangu, bado kule Mambasa mu machimbo ya dhahabu. Simu yake haipiti tangu Noeli.

Siku ya pili, 8/3

Siku ya wamama. Wenye pagne mupya ya kitenge walienda kuandamana. Siye tulifua. Mama Françoise, mwenye maison de passage, ile nyumba ya wageni tunamofulia, alitupatia Fanta moja moja na akasema wanawake ni nguzo. Nilificha yangu mu kikapu, watoto wakagawana — Annie, mukubwa wao, alipima mu kikombe ili Yannick asilie, kisha Kasereka muchanga akamwaga yake.

Jioni redio ikasema: kuanzia kesho motard abebe mutu moja tu. Juu ya usalama, watu wa bunduki wanapanda wawili wawili. Mama na mutoto wake, hao wanahesabika mutu moja. Nikapita mu lupango, nyumbani kwa Suzanne, kumwambia. Alikuwa anamulisha mama yake muzee, ule asiyeona tena. Akacheka tu. Alisema wanaume siku yao wanapewa bia, siye tunapewa sheria.

Mimi sikucheka. Nani aliye na bunduki atasimama kuuliza sheria?

Siku ya tatu, 9/3

Nilipanda peke yangu na Suzanne peke yake. Mimi kwa Anaclet, yeye kwa mwenzake wa Anaclet. Bei nzima, wote wawili. Tulifika pamoja kama maharusi wenye kugombana, kila mutu na gari yake.

Kurudi, kwa miguu. Giza ilinikuta njiani. Annie alikuwa amesimama mulangoni na Kasereka mugongoni, akasema, mama, tuliona kama umekufa. Nilimukaripia juu ya kusema vile. Kisha nikaenda kulilia jikoni, nikasema ni moshi.

Siku ya ine, 10/3

Miguu asubuhi pia. Mvua ilinyesha, udongo ule mwekundu ukashika viatu, nikavivua. Tulifika tumechafuka mpaka Honoré, sentinelle, mulinzi wa mulango, akatuuliza kama tunatoka kulima. Suzanne akamujibu: tunatoka kukulimia kaburi, fungua mulango. Mama Françoise alikuwa tayari barazani. Hakupiga kelele, afazali angepiga. Alisema tu wageni wanaamuka mapema, wanataka maji ya moto, na maji ya moto haitembei kwa miguu.

Nilipofika nyumbani, Annie yuko na uniforme mukononi. Walimufukuza masomoni juu ya prime, ile pesa ya walimu tunayolipa siye wazazi. Wako wengi waliofukuzwa, lakini mimi nawaza wangu tu. Mwaka huu njo sixième, kalasi ya mwisho ya primaire, iko na examen. Ananiambia ataendelea kusoma kwa cahier, daftari ya rafiki yake. Hii mutoto hajui kulalamika, na inaniuma zaidi.

Siku ya tano, 11/3

Sijui niandike hii namna gani.

Ni Suzanne njo alileta akili hii. Jana usiku alikuja, akaona uniforme ya Annie imetundikwa, akaishika, akaipima mu kifua. Mama na mutoto wanahesabika mutu moja, si redio ilisema vile? Nikamwambia, Suzanne, uko na miaka zaidi ya makumi tatu. Akasema, yaya, dada yangu mukubwa, urefu haujui miaka. Annie alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi, mupumbavu, juu ya kuona mutoto wangu anacheka, nikakubali.

Asubuhi, Suzanne mu uniforme ya Annie: blouse nyeupe, jupe, sketi ya bleu, kitambaa ametoa mu kichwa, ata mufuko wa Annie amebeba. Anaclet aliangalia akasema hiyo dhambi si yake. Lakini akatubeba.

Kwa rond-point, pale muzunguko wa barabara, polisi wa roulage, wa kuangalia magari, akapiga filimbi. Mukubwa wa tumbo, sauti ya pole.

— Mama, huyu ni mutoto wako?

— Ndiyo, chef.

— Kalasi gani?

— Sixième, papa — Suzanne anasema, sauti kama ya panya.

Polisi akazunguka pikipiki polepole. Akainama. Akaangalia miguu.

— Sixième. Na hivi visigino ni vya bibi yangu, vimemufuata wapi?

Wachuuzi wa mandazi walianguka kwa kicheko. Mutu moja akapaza sauti, mumuache mutoto apite, ana interro ya mwalimu leo. Suzanne mwenyewe akaanza kucheka, na wakati alicheka pengo ya jino lile alilopoteza kwa kujifungua ikaonekana, basi ikaisha. Polisi akatoa ufunguo mu pikipiki na akautia mufukoni. Hatukupigwa. Hatukutukanwa. Pikipiki tu, ilisukumwa mpaka kwao, na Anaclet nyuma yake, mikono mu kichwa.

Tuliendelea kwa miguu. Mufupi mu uniforme, murefu nyuma yake anaangalia chini.

Mama Françoise alikuwa na wageni mulangoni. Alimuangalia Suzanne toka kichwa mpaka chini.

— Suzanne, umerudi mu primaire?

Wageni walifikiri ni muzaha, wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya posho, 12/3

Anaclet alitupita njiani bila kugeuza kichwa. Pikipiki alishaikomboa, sijui kwa nguvu gani. Niliinua mukono kumuomba musamaha na motard wengine wakafikiri naita moto ya kunibeba, watatu wakasimama.

Mama Françoise alituita saa ya kumaliza. Tuliketi mu cuisine, jikoni. Alisema kwa upole, kama mutu anayekutilia chai: siku ine hizi mumechelewa mara tatu. Yeye haoni kosa letu, anaona barabara. Basi amewaza. Kile chumba kidogo nyuma ya depot, moja wetu alale ndani, toka siku ya kwanza mpaka siku ya posho ya kila juma, afanye kazi ya asubuhi ya wote wawili. Atamuongezea kidogo, na pesa ya moto hatatumia tena. Ule mwengine apumzike. Atamuita wakati wageni watakuwa wengi.

Apumzike. Ni neno gani hiyo.

Nani atalala, hachagui yeye. Tupatane siye wenyewe kama wandugu. Siku ya kwanza, mwenye kulala aje na godoro yake, kitanda ipo.

Tulirudi pamoja. Mwendo wote ule, Suzanne bila muzaha ata moja. Karibu na daraja nikasema, lala weye, mimi nitawaacha watoto kwa nani, Annie ni kumi na mbili tu, na mwezi uliopita si waliingia kwa jirani na bunduki? Akasema hapana yaya, lala weye, mama muzee hawezi kwenda ata choo bila mimi, na weye uko na vinywa vitatu. Nikasema weye. Akasema weye. Tulipeana ile kazi mpaka tukafika kwake, kila mutu anaisukumia mwenzake kama sahani ya mugeni. Mwisho akasema Mungu ataangalia. Nikasema Amina.

Tuliagana. Na hatukupatana kitu.

Siku ya Mungu, 13/3

Kanisani Suzanne aliimba na koro, kwaya yetu, macho chini mwimbo wote. Mimi pia niliangalia chini. Kisha ya ibada alipitia mulango wa upande.

Nilipika muhogo na sombe, majani yake. Mafuta imeisha. Annie alikuwa anafundisha Yannick kugawanya, kwa mawe, chini. Niliwaangalia. Nikisema hapana, kesho nabaki hapa nawaangalia vizuri kabisa, na tunaangaliana tu. Nikienda, prime inalipwa — lakini Annie akirudi masomoni, Kasereka anabaki na nani juma nzima? Nikivuta hii blanketi, miguu inabaki inje. Nikifunika miguu, kichwa.

Nilimuita Annie inje, nikamuambia. Nilitaka alie, aseme usiende. Akauliza tu ni siku ngapi. Akasema, nenda mama, nitafunga mulango na kuweka meza nyuma, Mama Madeleine, jirani wa ngambo, amesema naweza kumuitia kwa dirisha. Kumbe alishauliza. Kumbe alijua mbele yangu.

Na Suzanne? Suzanne njo alinitafutia hii kazi. Nimeandika hiyo na kalamu imesimama. Atakuwa amekubali, si alisema mwenyewe lala weye? Alisema mara tatu. Mutu akisema mara tatu ni kusema.

Mimi pia nilimuambia mara tatu.

Godoro tuko nayo moja. Watoto wanalalia hiyo. Nimewatandikia mukeka na pagne mbili juu, nikawaambia ni kama camp ya wascout. Yannick amefurahi. Nimekunja godoro, nimeifunga kamba. Upande moja iko na ramani ya mikojo ya Kasereka, nimeigeuza ndani.

Siku ya kwanza, 14/3

Naandika inje ya maison de passage, kwa magoti. Honoré ameenda kumuita Mama Françoise.

Nilitoka mapema. Motard niliyepata alikataa godoro, ule wa pili akanilipisha kama watu wawili — sasa godoro inahesabika mutu, mutoto wangu hahesabiki. Nililipa. Nikasema ni mara ya mwisho, toka leo nalala kazini. Njia yote nilikuwa nimeikumbatia, inanuka watoto.

Tunakata kona ya mwisho, naona mbele yetu moto ingine. Mutu mufupi, na mugongoni godoro inamupita kwa urefu. Ilisimama hapa mulangoni. Yangu ikasimama nyuma yake.

Suzanne alishuka, akageuka. Akaniona. Tukaangaliana vile, kila mutu na godoro yake, na motard wawili wanangoja pesa. Alilipa yake. Hatukugawanya.

Honoré alitoka akatuangalia, akahesabu kwa kidole. Akasema, Mama alisema moja. Akakuna kichwa akarudi ndani.

Sasa tumeketi, kila mutu juu ya godoro yake, ukuta mugongoni. Ya Suzanne ni nyembamba, ya bleu, imechanika upande, inanuka dawa ya kifua. Naijua. Mimi njo nilimusaidia kuishona, mwaka ule mama yake alianza kukohoa.

Nilimuuliza: muzee amelala juu ya nini?

Akaniuliza: na watoto?

Viatu vya Mama Françoise vinasikika mu cour, uwanja wa ndani. Suzanne amesimama, amejipangusa jupe. Mimi bado nimeketi. Mulango unafunguliwa na Mama Françoise anasema, basi, ni nani —